Minyoo wanaowasha kwenye tangi la maji chumvi

SWALI: Shikamoo mjomba. Sebuleni nina tangi la maji chumvi la lita 200. Mawe yake nilinunua kwa muuza samaki, akaniambia yametoka bahari yetu hii. Usiku nikiwasha taa naona minyoo wa rangi ya waridi wenye manyoya meupe ubavuni wanakimbilia mashimoni. Juzi samaki wangu mmoja alikufa, asubuhi nikawakuta wamemzunguka. Dada anayenisaidia kazi naye alishika jiwe, vidole vikamwaka hadi jioni. Nimeona mtandaoni kuwa wanamaliza matumbawe. Kuna dawa ya kumwaga wafe wote? Samaki nawalisha mara tatu kwa siku. – Mama Salha, Nyali, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na vidole vya huyo dada, tangi litangoja.

Yale manyoya ni miiba myembamba kuliko unywele, yenye uwazi ndani, na huvunjika upesi. Mnyoo akiguswa hujikunja, akaitoa yote ubavuni, na vipande vikabaki kwenye ngozi. Mwambie aelekeze kidole kwenye taa, akigeuzegeuze. Kama bado imo, ataiona ikimetameta. Asisugue wala asijikune. Kwenye ngozi kavu abandike seloteipu, aibandue kwa mkupuo mmoja, kisha arudie kwa kipande kipya. Iliyosalia itolewe kwa kibanio cha nyusi, halafu apake siki kupunguza mwasho. Midomo ikivimba au akianza kupumua kwa shida, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Na asiingize tena mkono humo kabla hujamnunulia glavu nene za mpira. Hilo ni jukumu lako, si lake.

Dawa, hapana. Nakusihi. Unaowaona usiku ni sehemu ndogo tu. Wengi wamo ndani ya mawe. Ukiwaua kwa pamoja wataozea humo, amonia (sumu itokanayo na uozo) ipande, na uwapoteze samaki uliotaka kuwaokoa.

Mnyoo wa picha zile za kutisha, anayekula matumbawe, huenda ni Hermodice carunculata. Huyo ni wa Atlantiki, Karibiani na Mediterania, na anaweza kufika sentimita 30. Kama mawe yako ni ya bahari yetu, wako nadhani ni Eurythoe au jamaa zake. Anayefuata pweza miambani maji yakipwa, akafunua jiwe, anawajua. Hawa hula mabaki ya chakula na vilivyokufa, kwa hiyo kuwakuta kwenye maiti ya samaki hakuthibitishi kwamba ndio waliomuua. Mimi kwenye tangi langu nawaacha, maana wanaingia kwenye nyufa ambazo mkono wala mpira wa kunyonyea uchafu haufiki.

Wakizidi, basi chakula kimezidi. Kulisha mara tatu ni kwingi mno kwa tangi lako. Lisha mara moja, kiasi ambacho samaki watamaliza ndani ya dakika mbili, na kinachozama ukitoe. Usitarajie mabadiliko wiki hii. Minyoo hupungua polepole kadiri njaa inavyowabana.

Ukitaka kuwapunguza haraka, tia kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini ndani ya soksi ya nailoni, funga, kiweke jioni chini karibu na mawe. Miiba yao hunasa kwenye nailoni. Alfajiri, kabla ya mwanga, itoe kwa koleo refu uitupe nzima. Usimkate mnyoo ukidhani umemmaliza: Eurythoe akikatika, vipande vyake huota na kuwa minyoo wapya. Yuko pia kamba wa mwambani mwenye mistari myekundu na myeupe na masharubu marefu, anayewapenda sana minyoo, ila weka mmoja tu, kwani wawili wasio mke na mume watapigana hadi kufa, na samaki wadogo waliolala anaweza kuwakamata.

Kinachonisumbua mimi ni yule samaki. Leo hii pima amonia, inatakiwa iwe sifuri, na chumvi, iwe karibu na gramu 35 kwa lita. Niandikie vipimo hivyo, aina ya samaki aliyekufa, na kama alikuwa bado anakula siku zake za mwisho, tutafute kilichomuua.