Jibu: Ramu ya miaka 12 na rangi yake

Ndugu, umeuliza kwa nini ile ramu ya Jamaika ya miaka 12 uliyoikuta Westlands, toleo la mapipa machache, ni ghali hivyo, na kama weusi wake ni dalili ya ukongwe. Rangi isikudanganye, viwanda vingi hutia karameli (sukari iliyounguzwa).

Ramu hutoka mtamboni nyeupe kama maji. Mara nyingi hutiwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kutumika kwa bourbon (wiski ya Kimarekani), kwani sheria ya Marekani hudai bourbon ikae kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, basi yaliyotumika huuzwa. Joto likipanda, pombe hupenya kwenye mbao. Likishuka, hurudi na vanila, viungo na ukakasi kidogo. Mkaa wa ndani ya pipa nao hunyonya harufu za salfa.

Joto la Karibiani huivukisha ramu haraka: takriban asilimia 6 kwa mwaka, wiski ya Scotland ni kama 2. Piga hesabu ya miaka 12, karibu nusu ya pipa imekwenda. Bei inatoka hapo, na kwangu ni bei ya haki.

Jamaika, namba kwenye lebo ni umri wa ramu changa kuliko zote chupani. Ukiinunua, tafadhali usiichanganye na soda.