Amana isiyokubali kutolewa pesa

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Naandika programu ya SACCO yetu kwa Java. Nina klasi (kiolezo cha kitu katika programu) Akaunti yenye vitendo weka() na toa(). Amana ya muda maalumu nimeifanya irithi Akaunti, yaani ipate yote yaliyomo humo, ila toa() yake inarusha kosa, maana pesa hizo hazitoki kabla ya muda kuisha. Sasa kila mwisho wa mwezi, programu ikipita kwenye akaunti zote kukata ada, inakwama njiani. Mwenzangu anasema niweke “if”, yaani sharti, ya kuziruka amana. Msimbo nimeuambatanisha.
Msomaji, Arua, Uganda

JIBU: Mdogo wangu, hiyo “if” itakuvusha mwezi huu. Mkianzisha akaunti ya watoto utaongeza ya pili, na ripoti ya mwaka nayo itadai zake. Mwishowe kila pembe ya programu italazimika kujua aina zote za akaunti.

Mzunguko wako wa ada hauna kosa. Shida ilianza uliposema amana ya muda ni Akaunti. Akaunti imekwisha kumwahidi kila anayeitumia: niite toa(), salio likitosha utapata pesa. Anayerithi hurithi na ahadi hiyo. Barbara Liskov, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Turing ya 2008, alilisema hili mwaka 1987: popote anapokaa mzazi (klasi inayorithiwa), mtoto (inayorithi) aweze kukaa na programu isiharibike. Vijana wengi wanarithi ili kukwepa kuandika upya mistari michache tu, na mimi huo nauita uvivu.

Kwa hiyo ndani ya Akaunti bakiza yaliyo ya akaunti zote kweli: namba, mwenyewe, salio(). Hamisha toa() kwenye interfesi yake (orodha ya vitendo ambavyo klasi huahidi kuvifanya), tuseme InayotoaPesa, itekelezwe na akiba ya kawaida peke yake. Mzunguko wa ada upokee List<InayotoaPesa>, yaani orodha ya zinazotoa pesa tu. Ukijaribu kuingiza amana humo, kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, itakukatalia hapohapo mezani kwako, kabla mweka hazina hajaona kitu. (Na weka() je? SACCO nyingi haziruhusu kuongeza pesa kwenye amana ikiwa katikati ya muda. Waulize wenzako kabla hujaiacha kwa mzazi.) Ada ya amana ikatwe lini, hilo ni la kamati kuamua, si lako.

Jambo jingine. Ndani ya toa() umeandika 0.005, kodi ya kutoa pesa za simu. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1, na mwaka uleule ikashushwa hadi 0.5, tena kwa kutoa tu. Kitu kinachobadilishwa na Bunge kisikae chumba kimoja na salio la mwanachama. Kipe klasi yake, na kanuni ya kukadiria iwe humohumo, kwa sababu asilimia 0.5 ya shilingi 1,500 ni 7.5 na nusu shilingi hailipiki. Acha double, aina ya namba inayokadiria desimali, tumia BigDecimal inayozihifadhi kamili.

Ila usishikwe na homa ya kutengenezea kila kitu interfesi. Klasi yako ya Mwanachama ina jina, simu na kijiji basi. Iache ilivyo.