Maswali ya wasomaji: Wanawake wa Connecticut na mpira wa kikapu wa vyuo

SWALI: Ndugu mhariri, kila ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa wanawake unapotajwa, Chuo Kikuu cha Connecticut hakikosi. Je, timu hiyo ilikuwa na nguvu tangu mwanzo?

JIBU: Hapana, na kwa miaka mingi ilikuwa timu ya kufungwa. Ilicheza msimu wake wa kwanza 1974-75, na hadi 1985 ilikuwa imemaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka huo chuo kikamwajiri Geno Auriemma kuwa kocha mkuu, mzaliwa wa Italia aliyekuwa kocha msaidizi Chuo Kikuu cha Virginia, naye akamchukua Chris Dailey kuwa msaidizi wake. Msimu wao wa kwanza walishinda mechi 12 na kufungwa 15.

Watu hupenda kuanzia 1995, mwaka wa taji la kwanza la taifa, lakini mizizi iko kwenye miaka ile kumi iliyotangulia. Mwaka 1989 timu ilitwaa taji la ligi ya Big East na kuingia kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya taifa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Mwaka 1990 ukafunguliwa ukumbi wa Gampel pale Storrs, mji kilipo chuo, unaochukua watazamaji wapatao 10,000. Mwaka 1991 wakafika nusu fainali ya taifa. Baada ya hapo ndipo alipojiunga Rebecca Lobo, mwenye urefu wa mita 1.93, na msimu wa 1994-95 wakashinda mechi zote 35. Fainali waliifunga Tennessee, timu ya kocha Pat Summitt, 70-64.

Tazama mpangilio huo: kwanza makocha wanaokaa, kisha mfumo, kisha ukumbi, nyota akaja mwishoni. Vyuo vingi hutafuta nyota kwanza, naye akimaliza miaka yake minne timu inarudi ilikotoka. Connecticut sasa wana mataji 12, sita kati ya hayo wakiwa hawajafungwa msimu mzima. La mwisho ni la 2025, walipoifunga South Carolina 82-59.

SWALI: Uchezaji wao una siri gani? Naona wanafunga mara nyingi chini kabisa ya kikapu, hata wakiwa wafupi kuliko wapinzani.

JIBU: Ni pasi, na mwendo wa asiye na mpira. Mwangalie mchezaji wa pembeni. Anapiga hatua mbili kumfuata mwenye mpira kana kwamba anaomba pasi, mikono iko juu. Anayemkaba anasogea kuziba njia ya pasi. Mguu wa mbele wa mkabaji ukishavuka tu, mshambuliaji anageuka ghafla na kukimbia nyuma yake kuelekea kikapuni, na pasi ya kudundisha inamkuta palepale. Urefu hausaidii kitu mkabaji akiwa ametazama upande mwingine.

Timu nyingi hukwama hapa kwa sababu mwenye mpira anasubiri kumwona mwenzake akiwa peke yake ndipo apige pasi. Akisubiri amechelewa. Mpira utoke wakati mguu wa mkabaji unavuka.

SWALI: Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya chuo. Nimesikia Connecticut hufanya mazoezi na wanaume. Nifanyeje bila kuwaumiza wachezaji wangu?

JIBU: Ni kweli, mwalimu, na timu nyingi za daraja la juu hufanya hivyo. Wanaume hao ni wanafunzi wa chuo wanaojitolea, hawapewi ufadhili wa masomo kwa kazi hiyo. Wanasoma mbinu za mpinzani ajaye na kuziigiza uwanjani, ili wanawake wakutane na mbinu zilezile kwa kasi kubwa zaidi.

Anza na wanaume sita hadi wanane. Wape mbinu tatu au nne tu za mpinzani, zaidi ya hapo watazichanganya. Kisha weka wanawake watano washambulie dhidi ya wanaume sita, baadaye saba, nusu uwanja, bila kudunda mpira. Idadi hiyo huwalazimisha kupiga pasi haraka, maana kila anayepokea anakabwa na watu wawili. Dakika nane hadi kumi zinatosha. Mkichoka, pasi zinakuwa mbovu na mnazoea ubovu.

Huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, wanaume wanaanza kushindana wao kwa wao. Anayecheza ili aonekane mtoe siku hiyohiyo. Ya pili ni nzito zaidi: wachezaji wa akiba wanakaa benchi hata mazoezini. Mwaka 2006 kamati ya NCAA ya michezo ya wanawake ilitaka utaratibu huu upigwe marufuku kwa hoja hiyo. Marufuku haikupita, lakini hoja ina uzito. Wachezaji wa akiba nao wapangiwe zamu dhidi ya wanaume hao, na iandikwe kwenye ratiba, isiachwe kwa hisia za kocha.

SWALI: Timu iliyoshinda mechi 111 mfululizo ilifungwaje na Mississippi State, waliyokuwa wameifunga kwa pointi 60?

JIBU: Ushindi ule wa 98-38 ulikuwa wa 2016, na kabla ya mechi ya Machi 2017 Connecticut walikuwa wameondokewa na Breanna Stewart, Moriah Jefferson na Morgan Tuck, watatu waliochaguliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu kwenda WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake. Mississippi State walianza kwa kukaba kwa nguvu na kuongoza kwa pointi 16. Connecticut walirudi, ila kwa gharama ya pumzi. Dakika za nyongeza, matokeo yakiwa 64-64, shambulizi lao la mwisho liliisha mapema mno na mpinzani akabaki na muda wa kushambulia. Morgan William, mwenye urefu wa takriban mita 1.65, akafunga saa ikiisha. Mkiwa sare na mpira ni wenu mwishoni, mtupo utoke zikiwa zimebaki sekunde tatu au nne, si zaidi.

SWALI: Kwa nini majeraha ya magoti yanawaandama wachezaji wa Connecticut? Alianza Paige Bueckers, kisha Azzi Fudd.

JIBU: Dada, hili linaziumiza timu zote za wanawake. Bueckers alichanika kano ya mbele ya goti Agosti 2022, na msimu huo Connecticut walikosa nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu 2007. Fudd aliumia Novemba 2023. Wanawake huumia kano hiyo mara kadhaa zaidi ya wanaume, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: anatua au kusimama ghafla, mguu umenyooka, goti linaangukia ndani.

Kinga ni mazoezi ya dakika 15 hadi 20 kabla ya kucheza, angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, kuruka na kutua kimyakimya magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea vidoleni. Aliyepasuliwa asirudi mchezoni kabla ya miezi tisa. Hata ikitimia, apimwe kwanza kuruka kwa mguu mmoja mmoja. Mguu uliopasuliwa ukifikia chini ya asilimia 90 ya umbali wa mguu mwingine, aendelee na mazoezi ya tiba.