Mtoto njiti: kutoka kwenye mpira hadi titi

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 30, sasa ana wiki 3. Mbona bado analishwa kwa mpira unaopeleka maziwa tumboni? (Mama, Kondoa)

Kunyonya ni kazi tatu kwa mpigo: kuvuta, kumeza na kupumua. Njiti wengi huanza kuzipanga kati ya wiki ya 32 na 34, ukijumlisha wiki za mimba na za tangu azaliwe. Wako ana 33, kwa hiyo wakati umekaribia, ila wiki peke yake hazitoshi. Mtazame akiwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi: je, anaamka mwenyewe, anageuza kichwa kutafuta titi, anapeleka mkono mdomoni, anatoa ulimi kulamba? Anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, au anayesahau kupumua, asubiri kwanza.

Akiwa tayari, na daktari ameridhia, kamua titi hadi lilegee kabisa, kisha mweke alinyonye wakati maziwa yanashuka kwenye mpira. Anajifunza kuvuta bila kuzidiwa, na tumbo linajaa huku akinyonya. Akizoea bila kukwama, mnaanza kumweka kabla hujakamua.

Akinyonya midomo inakuwa ya bluu. Nimwache azoee? (Mama, Mpwapwa)

Hapana, mama. Maziwa yamemzidi kasi, naye amesitisha pumzi. Mtoe kwenye titi, mwinue akae, msugue mgongo taratibu na mwite nesi papo hapo. Kwa watoto wetu weusi tazama ulimi na ufizi, ngozi inaweza kukudanganya. Kabla ya bluu huwa kuna dalili: vidole vinatanuka, anakunja uso, maziwa yanavuja pembeni mwa mdomo. Hapo ndipo pa kumpumzisha. Mwambie nesi pia kama titi limejaa sana. Kukamua kidogo kwanza hupunguza ile kasi.

Kikombe anywe kiasi gani? (Baba, Bahi)

Kama ameshafikia lishe kamili, yaani maziwa tu bila dripu, mfano wa mililita 160 kwa kilo kwa siku, mwenye kilo 1.5 anahitaji 240, yaani 30 kila baada ya saa 3. Akinywa 18 akachoka, 12 zipite kwenye mpira. Usivuke dakika 30, anachoma nguvu za kukua. Mkalishe nusu wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu. Alambe mwenyewe. Ukimmiminia, yanaweza kwenda mapafuni.

Joto la Dodoma ni kali, bibi anataka apewe maji ya glukosi.

Asipewe. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya mama ni maji, na tumbo dogo likijaa maji linakosa nafasi ya maziwa. Uji wa uwele anywe mama. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae mezani zaidi ya saa 4, na mchana wa jua kali yawekwe kwenye friji ya wodi mara moja.