Tundu la spindeli lenye makovu: usikimbilie msasa

Fundi, umeuliza kuhusu tepa ya Morse namba 3 (tundu lenye umbo la pia kwenye spindeli, yaani mhimili unaozunguka wa mashine) iliyochubuka baada ya kishikio cha zana kuteleza: usiingize msasa, na usisugue kwa grisi ya kusagia vali ukitumia kishikio chako. Grisi hiyo hula mdomo wa tundu kuliko ndani na kuharibu vyote viwili.

Kinachosumbua ni vinundu vilivyoinuka, si makovu yaliyozama. Safisha kwa petroli, paka bluu (rangi ya kuonyesha panapogusana) nyembamba sana kwenye kishikio kisicho na dosari, kiingize, kigeuze kidogo, kitoe. Palipong'aa bluu ndani ya tundu ndipo pa kukwangua, hapo tu, kwa skrepa au jiwe la mafuta. Rudia hadi mguso usambae, hasa karibu na mdomo. Makovu yaache, hayadhuru kitu.

Kisha pima kwa dayali geji (kipimo cha mshale cha kuonyesha kuyumba) ndani ya tundu lenyewe. Kama linayumba, rima ya mkono (zana ya kupanua tundu) haikusaidii maana inafuata tundu lilivyo. Hapo ni kusaga spindeli ikizunguka kwenye beringi zake, grainda ndogo imefungwa kwenye meza ya mashine na kutembea kwa pembe ya 1°26′ kutoka mstari wa kati. Ziba beringi vizuri, vumbi la jiwe litaziua.

Saga kidogo mno: kila 0.01 mm unayotoa ukutani huzamisha kishikio kama 0.4 mm, na boliti ya kuvutia kishikio ndani inaweza kugota mwisho wa nyuzi kabla haijakaza.