Roboti haikuonei, angalia mstari wa "local"

Mdogo wangu wa Malindi, umeuliza kama roboti ya ukaguzi, yaani programu inayokagua msimbo yenyewe, inakuonea ikisema jaribio lako la mtandao wa Linux halishughulikii makosa, ilhali kwako linafaulu kila mara. Haikuonei. Huko kufaulu kila mara ndiko kunakotia shaka.

Jaribio lako linataka pingi (amri ya kupima kama mashine moja inaifikia nyingine) ishindwe, kuthibitisha kuwa pakiti zimezuiwa. Sasa `ip netns add`, amri ya kuunda mtandao uliotengwa wa kujaribia, ikigoma kwa kuwa huna ruhusa za rooti (msimamizi mkuu wa mashine), pale hakuna mtandao wowote. Pingi inashindwa kwa sababu nyingine kabisa, na skripti inaandika "imefaulu". Ni sawa na kumsifu askari wa bandari ya Lamu kwa kuzuia jahazi ambalo halijang'oa nanga huko kwenu.

La pili limejificha zaidi: `local pato=$(ip link show)`. Kwenye Bash, lugha ya skripti yako, `$?` (namba ya matokeo ya amri iliyotangulia, 0 ikiwa imefaulu) inayofuata ni ya `local`, neno la kutangaza kigeu, si ya `ip`, kwa hiyo utapata 0 hata amri ikifeli. Tangaza `local pato` peke yake, halafu mstari wa chini ndio uipe thamani. Na mashine ikikosa kitu kinachohitajika, toka na namba 4, ambayo kwenye majaribio ya kernel ya Linux maana yake jaribio limerukwa. 1 iwe ya kufeli kweli.

Lile onyo la kukagua `ip netns del`, amri ya kufuta mtandao huo, kwenye usafi wa mwisho, mimi ningeliacha. Roboti hizi zinapenda sana hayo. Ila usinyamaze, waandikie wasimamizi sentensi moja kueleza kwa nini umeliacha.