Nirudishie Pampu Yangu: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Mgeni mmoja aliazima pampu yangu ya baiskeli. Nilipomwona nikamwambia "Return my pump." Aliirudisha, lakini uso ulimbadilika. Binti yangu anasema ningetumia "give back". Nimekosea wapi? (Fundi baiskeli, Barabara ya 12, Ngamiani)

Fundi, neno hukukosea. "Return" ni kurudisha, na mgeni alikuelewa. Ila neno hilo lina sura ya ofisini. Ndilo utakalolikuta kwenye tangazo la maktaba au kwenye barua. Ukilitoa kwa amri, bila "please", linamfikia mtu kama hati ya madai. Wenye Kiingereza chao wakizungumza husema "give back", na kwa adabu zaidi huuliza: "Can I have my pump back, please?"

Hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Sisi tunashika kitenzi kimoja, kurudisha, halafu viambishi vinabeba mzigo uliobaki. Ukisema "nirudishie", umeshaeleza kwamba kitu kinakuja kwako. Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo hubadilisha kitenzi chenyewe kwa kumtazama mwenye mali na mahali aliposimama msemaji. Kitu kikirudi mkononi mwa mwenyewe, ni "give back". Kikija kuelekea ulipo, ni "bring back": wewe uko kibandani, mteja yuko Raskazone, unampigia simu, "Please bring the pump back." Kikiondoka ulipo kwenda kilikotoka, ni "take back": unamtuma kijana na spana ya jirani, "Take this spanner back to him." Na spana yako mwenyewe, ukishaitumia ukaitia sandukuni, hiyo ni "put back". Hapo hakuna anayemdai mwenzake, kitu kimerudi mahali pake tu.

Tena shika na hili, maana wengi huteleza: "it" na "them" hukaa katikati. Sema "give it back", usiseme "give back it". Ukikitaja kitu kwa jina, kote sawa: "give the pump back" au "give back the pump".

Mwalimu amenikatia "I returned back the book" kwa wino mwekundu. Kwa nini? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Pangani)

Mwanangu, mwalimu yuko sahihi. Maana ya "back" imo tayari ndani ya "return", kwenye ile "re-" ya mwanzo. Najua kosa linakotoka: sisi husema "panda juu" na "shuka chini" kila siku na hakuna anayetushangaa. Andika "I returned the book" au "I gave the book back".

Mtalii alinunua dera akaniuliza, "If it is too small, will you take it back?" Nikadhani anataka nimpelekee hotelini. (Muuza madera, sokoni Mgandini)

Pole, mama, hilo lingemtatiza yeyote. Alikuwa anauliza kama utalipokea dera akilirudisha. "Take back" hutumika pande zote mbili za meza: mnunuzi akipeleka kitu dukani, na mwenye duka akikubali kukipokea. Pesa yake angeidai kwa "I want my money back". "Pay back" iache kwa deni.

Nikitaka baiskeli ya mwenzangu, niseme "Borrow me your bicycle"? (Kijana wa Chumbageni)

Hapana. Kuazima kwetu huenda na kurudi: nimeazima kwa jirani, jirani ameniazima. Kiingereza kinagawa, kama sisi tunavyogawa kukopa na kukopesha. Anayepokea ni "borrow", anayetoa ni "lend". Mwombe, "Can I borrow your bicycle?" au "Can you lend me your bicycle?" Jioni ukifika nayo mlangoni kwake: "I've brought your bicycle back."